Mafundo Sitini na Sita

Kamunyonge, Musoma
Jumapili, 5 Machi 1995

Kilomita 62,940.

Naanza daftari hili kwa namba kwa kuwa namba bado naweza kuisoma bila kumwomba mtu msaada. Kila Jumapili asubuhi, mwanangu Isidori akiwa bado amelala, natoka na fimbo yangu hadi kwenye pikapu yake, nakaa kwenye kiti cha dereva na kusoma mita. Aliinunua Desemba, imetoka Japani kupitia Dubai, ikiwa na kilomita 58,212. Anabebea sangara kutoka mwalo wa Kiriba kuja kiwandani hapa mjini. Tangu Desemba hajabadilisha oili.

Oili hubadilishwa kila kilomita elfu tano. Kwa barabara zetu, elfu tatu. Chujio huenda pamoja nayo. Grisi kila baada ya wiki mbili. Breki hukaguliwa kila oili inapomwagwa, na mafuta ya breki hayapaswi kuzidi miaka miwili. Niliyaandika haya kwa chaki kwenye ubao wa karakana ya ushirika kule Manyamanyama, Bunda, nilipokuwa afisa usafirishaji. Yalikaa pale ubaoni miaka kumi na moja. Kila mgeni aliyekuja kutukagua alisimama mbele yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Daktari amesema moyo umepanuka. Nilipomuuliza nitaishi hadi lini, alimtazama Esta, mke wa Isidori, badala ya kunitazama mimi. Nadhani amenipa masika haya.

Jumapili, 12 Machi

Kilomita 63,460. Nilimsubiri Isidori anywe chai kwanza.

"Umepita sevisi kwa kilomita mia mbili arobaini na nane."

"Baba, hii ni Japani. Siyo ile mikweche yenu ya ushirika iliyokuwaga inasukumwa na watu."

"Injini haijui ilikotengenezwa."

"Inajua! Muulize yeyote." Alicheka, akamkonyeza mkewe. "Sasa nikiisimamisha siku nzima, sangara wangu si atanuka? Kiwandani hawapokei samaki wa kunuka. Ngoja msimu upungue, nitaipeleka gereji."

Msimu upungue. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Maneno hayo niliwahi kuyasema, kwa sauti hiyohiyo ya mtu mwenye haraka, kumwambia mtu aliyesimama mbele ya meza yangu na kamba mkononi.

Jumatano, 15 Machi

Mvua tangu alfajiri. Miguu imevimba. Uji hauna chumvi.

Jumapili, 19 Machi

Kilomita 63,985.

Wakati wa chakula Isidori alikuwa na hadithi. Pale mwaloni Kiriba yupo mzee mmoja, hana mashua wala gari, lakini kila pikapu ikija anailalia chini na kuzikaza breki zake bila kuombwa. Wenye magari humpa samaki. Kuendesha hataki, hata kuisogeza gari hatua mbili. "Na mtu akimwambia mzee hebu irudishe nyuma kidogo, anaondoka zake. Halafu ana kamba za katani amezining'iniza ukutani, kila gari na kamba yake. Ukifika, anafunga fundo. Jana kaniambia, wewe fundo hamsini na nane, zikifika sitini umwage oili. Mimi nikamwambia, mzee, ungekutana na baba yangu mngeoana!"

Esta alicheka. Mimi nikauliza jina lake.

"Wanamwita Magesa."

Sikumaliza chakula. Esta alidhani ni chumvi.

Jumanne, 21 Machi

Mvua. Sikutoka.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba amekufa.

Jumapili, 26 Machi

Kilomita 64,480. Isidori amepita sevisi kwa zaidi ya elfu moja. Nilimwambia, akanijibu, "Baba, kula dawa zako."

Zamani nilimwona mwanangu kuwa mtu wa tamaa, mtoto wa miaka hii ya kila kitu ruksa, anayejua kununua asijue kutunza. Leo nilipokuwa nimekaa kwenye kiti chake nimemwona vingine. Hajazaliwa hivyo. Alikaa kiti cha nyuma cha gari langu kila Jumapili akitutazama.

Ijumaa, 31 Machi

Esta amelikuta kopo. Alikuwa akiniwekea blanketi sandukuni, akalishika, likalia.

"Baba, hili kopo la mafuta ya breki la nini? Mbona lina kamba ndani?"

"Lirudishe."

Amelirudisha. Lakini alikuwa na uso kama wa yule daktari, wa mtu anayejua kitu asichotaka kukisema. Huyu mwanamke nimekuwa nikimwita baridi kwa miaka mitatu. Sasa nadhani ni mtu anayesubiri tu aambiwe ukweli. Basi niuandike, mkono ukiwa bado unatii.

Mwaka 1985 kulikuwa hakuna kitu. Vijana hawaamini wakisimuliwa. Sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni, betri ilikuwa ya kuombea barua. Mita za kilomita za malori yetu zilikuwa zimekufa zote, na vipuri havikuwepo. Kwa hiyo tulihesabu safari. Kutoka maghala ya upande wa Butiama hadi kiwanda cha kuchambulia pamba Bunda, kwenda na kurudi, ni kilomita themanini hivi. Safari sitini zinakaribia elfu tano. Madereva wengine walichora mistari kwa mkaa, ikafutika. Magesa alifunga mafundo kwenye kamba ya katani iliyoning'inia pembeni ya usukani, fundo moja kila safari. Sevisi ikifanyika, alianza kamba mpya. Alikuwa dereva pekee ambaye hesabu yake sikuwahi kuipinga.

Mwishoni mwa Juni alikuja ofisini, akaniita kwa jina la ukoo kama kawaida yake.

"Bwana Kwangu, sitini zimefika. Na breki inashuka mpaka chini. Ilikuwaga inashika juu, saa hizi unaikanyaga kama unakanyaga tope."

"Pamba imelala nje, Magesa. Ngoja msimu upungue."

"Msimu utapungua na sisi tumepungua."

Nikacheka. Alikuwa mtu wa maneno. Nikamwambia mafuta ya breki hakuna nchi nzima. Afanye kama wengine, atie maji na sabuni. Ndivyo tulivyofanya miaka ile, wengi wetu. Maji ya sabuni husukuma breki vizuri tu, barabara ikiwa tambarare na breki ikiwa baridi. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, maji huchemka, na ukikanyaga unakanyaga mvuke. Nilijua. Nilikuwa nimesomea.

Hakuna nchi nzima, nilimwambia. Wakati nasema hivyo, makopo mawili ya mafuta ya breki yalikuwa ndani ya kabati nyuma yangu. Yaliletwa kwa ajili ya malori. Moja nilikuwa nimekwisha kulitia kwenye Peugeot yangu, kwa sababu kila Jumapili nilipeleka familia kanisani, na Isidori, aliyekuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa naanza kumfundisha kuendesha. Kopo la pili nililihifadhi kwa ajili ya sevisi inayofuata ya gari hilohilo. Gari pekee lililopata sevisi kwa wakati Manyamanyama mwaka ule lilikuwa langu.

Tarehe 6 Julai mkaguzi alikuwa anakuja. Kamba ya Magesa ilikuwa na mafundo sitini na sita. Nilichukua kadi ya lori lake nikaandika: oili, chujio, breki, mafuta ya breki, tayari. Nikasaini. Hata spana haikuguswa. Sikumwambia aanze kamba mpya, naye hakujua kwamba kwenye kadi sevisi imefanyika, akaendelea kufunga kwenye ileile.

Tarehe 14 Agosti alikuwa anashuka na pamba ule mteremko wa mawe upande wa Butiama. Mbele, pembeni yake, alikaa mkewe Nyamburi, anakwenda Bunda kumwona dada yake aliyejifungua. Lori halikushika. Magesa aliligonga ukingoni ili lisifike darajani, ambako watu walikuwa wanafua. Upande uliogonga ulikuwa wa Nyamburi.

Mkono umechoka.

Jumamosi, 1 Aprili

Naendelea. Siyo siku ya mzaha kwangu.

Nilikwenda kulikagua lori mimi mwenyewe, kama afisa. Kamba ilikuwa bado inaning'inia. Niliichukua. Magesa alikuwa amekwisha waambia polisi habari za kamba hiyo, kwa hiyo sikuweza kuichoma. Nilikaa nayo siku tano. Ilikuwa na mafundo mia moja na manne. Kadi yangu ilisema sevisi ilifanyika tarehe 6 Julai, na tangu siku hiyo safari zilikuwa thelathini na nane. Basi nikakaa jikoni kwangu, mchana, Jumapili baada ya ibada, nikafungua mafundo sitini na sita kwa msumari, na yale yaliyokaza sana kwa meno. Katani ina ladha ya udongo. Mama yake Isidori aliniuliza nafanya nini, nikamwambia kazi ya ofisi. Amekufa akiamini hivyo.

Mahakamani hakimu aliyahesabu mwenyewe. Thelathini na nane. Magesa aliomba aishike, akaipitisha kati ya vidole.

"Kamba ni yangu mheshimiwa, lakini imefunguliwa."

Watu walicheka. Mtu aliyemuua mkewe kwa mwendo wa kasi, anajitetea kwa kamba! Nami niliulizwa kama niliwahi kuamuru maji yatiwe kwenye breki. Nikajibu sijawahi, na kwamba mtu mwenye elimu yangu asingeweza. Alifungwa miaka mitatu na kunyang'anywa leseni maisha. Binti yao Gati, mwenye miaka tisa, alichukuliwa na mjomba wake, Werema. Kamba ilirudishwa ofisini pamoja na kadi. Kadi niliichoma. Kamba sikuweza, niliitia kwenye lile kopo la pili, lilipokwisha.

Nimeitoa leo nikaitazama. Mahali palipokuwa na fundo, nyuzi zimebaki zimejikunja. Kama hakimu angeipeleka dirishani, angeona.

Jumapili, 9 Aprili

Kilomita 65,410. Sikumwambia Isidori kitu. Ameshangaa.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Padri alikuja kuniungamisha hapa nyumbani. Niliungama hasira, kiburi, na wivu wa ujana. Alipouliza kama kuna jingine, nilimwambia hakuna. Amenipa Komunyo. Niliimeza.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Mvua kubwa. Isidori amekwama Kiriba, amelala huko. Kilomita sijui.

Jumanne, 18 Aprili

Amerudi na habari, akazileta mezani kama alivyoleta ile ya kamba. Mvua ilimlaza kwa Magesa. Mzee alikataa chakula, ndipo jirani akamweleza Isidori sababu: binti yake anaposwa. Mahari itapangwa Butiama, kwa mjomba, Jumamosi tarehe 20 Mei, na baba hakuitwa. Alituma mtu kuomba akae hata mlangoni. Mjomba alijibu kwamba aliyemuua mama hawezi kupokea ng'ombe wa mtoto.

"Kwetu baba asipokaa kikao cha mahari ni sawa na kuzikwa akiwa anatembea," Isidori alisema. "Nimemwonea huruma. Lakini na yeye, alikimbiza lori la nini na mke yuko ndani?"

Esta alikuwa ananitazama.

"Baba," alisema, "lile kopo."

Nilisema najisikia vibaya. Nikaenda kulala saa nane mchana.

Jumapili, 23 Aprili

Kilomita 66,120. Nimewaambia wote wawili.

Isidori alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Nilitegemea apige kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile Peugeot. Ndiyo uliyonifundishia?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniambia, mwanangu, gari mtu anaitunza kwa wakati. Kila Jumapili. Ukinionyesha kijiti cha oili."

"Ndiyo."

Alitoka, akakaa ndani ya pikapu yake kwa muda mrefu, mvua ikipiga juu ya bati. Esta aliokota vikombe. "Tarehe ishirini haiko mbali, baba," alisema. Ndiyo maneno yote aliyonipa, na yalinitosha.

Jumatano, 26 Aprili

Isidori hanisemeshi. Chai imeletwa na Esta.

Jumapili, 30 Aprili

Amenipeleka Kiriba. Alinibeba mgongoni kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Magesa amezeeka kuliko mimi ingawa nimemzidi miaka kumi. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu. Alitoka akijifuta mikono, akanitambua kabla sijafungua mlango.

"Kumbe huyu ni mwanao," alisema. "Ningejua, hata fundo nisingemfungia."

Nilimpa kopo. Alilitazama kwanza lenyewe, akalizungusha, akasoma maandishi. Aliujua mwaka wake. Kisha akatoa kamba, akaipitisha kati ya vidole kama alivyofanya mahakamani.

"Mia na nne," alisema. Hakuwa ameuliza.

"Mia na nne. Nilifungua sitini na sita."

"Na kopo ulikuwa nalo."

"Mawili."

Alikaa chini mchangani. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyaandaa, akanikatisha.

"Usiniombe msamaha, Bwana Kwangu. Sina. Niliwahi kuwa nao, gerezani mwaka wa kwanza, nilisema akija leo nampa. Hukuja. Mwaka wa pili nikasema akija. Ukaisha." Alikunja kamba, akairudisha koponi, akaliweka mapajani mwangu. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo, najua nilifunga ngapi. Kamwambie Gati. Mbele ya Werema, na wenye ng'ombe wakiwa wanasikia. Ukifa kabla ya hapo, nitakuja msibani kwako niseme mimi."

Wakati wa kurudi Isidori aliongea kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama kiti kinaniumiza.

Jumapili, 7 Mei

66,940. Sikuweza kutoka. Isidori amenisomea mita kupitia dirishani.

Ijumaa, 12 Mei

Pumzi fupi. Naogopa kufa mapema. Zamani niliogopa kufa tu.

Jumatano, 17 Mei

Damu kidogo kwenye kikohozi. Daktari amesema nisisafiri. Esta amemjibu, "Atasafiri."

Jumatatu, 22 Mei

Juzi ndiyo ilikuwa siku. Jana sikuweza kushika kalamu.

Tulimpitia Magesa. Alikaa nyuma, kwenye bodi, pamoja na harufu ya sangara, ingawa mbele palikuwa na nafasi. Tulipofika kileleni mwa ule mteremko wa mawe alipiga paa la gari kwa kiganja. Isidori akasimama. Magesa alishuka, akateremka kwa miguu hadi darajani. Tulimfuata taratibu sana, na breki za Isidori zililia njia nzima.

Kwa Werema walikuwa wamekwisha kaa, wageni upande mmoja, wenyeji upande mwingine. Magesa alisimama nje ya ua. Mimi nilibebwa nikawekwa kwenye kiti katikati, na Werema, aliyenitambua, akaamka kunipokea kwa heshima zote.

"Karibu mzee wetu! Shahidi wetu huyu," aliwaambia wageni.

Nilisema yote. Kadi, maji na sabuni, makopo, msumari, meno. Nilisema bila kupamba. Werema alibaki amesimama na mkono wake bado uko hewani, kisha akaanza kupayuka kwamba nimenunuliwa, kwamba mzee karibu na kufa husema chochote, kwamba ng'ombe wamekwisha hesabiwa. Mmoja wa wageni akamwambia, "Tulia kwanza bwana, si kamba hiyo hapo mapajani mwake?"

Gati alitoka ndani. Ni mrefu, ana paji la uso la baba yake. Alichukua kamba, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaipima kwa ukucha, kikunjo hadi kikunjo. Hakuna aliyemharakisha. Nilimsikia akihesabu chini chini kwa lugha ya kwao. Alipofika mwisho alirudia tena tangu mwanzo. Hicho ndicho ambacho mahakama nzima haikukifanya.

Kisha akachukua kigoda cha mjomba wake, Werema akiwa bado amesimama, akakibeba hadi mlango wa ua, akakiweka upande wa ndani.

"Baba," alisema, "ingia ukae."

Magesa aliingia akakaa. Kikao kikaanza upya. Werema alikaa kwenye mkeka.

Gati alipita mbele yangu mara mbili akigawa vinywaji. Hakunipa. Hakunitazama. Sikustahili zaidi ya hapo, na bado iliniuma kama mtu aliyeonewa. Hata sasa mimi ni yule yule.

Jumapili, 28 Mei

Kilomita 68,310. Mvua zimekatika.

Isidori aliniletea namba hii mwenyewe, pamoja na karatasi. Jana alilala Kiriba kwa hiari yake. Magesa alimwaga oili iliyokuwa nyeusi kama lami, akabadilisha chujio, akafungua magurudumu yote manne, akatia mafuta mapya ya breki. Kwenye karatasi ameandika kila kitu kwa mkono wake, herufi kubwa, na mwisho tarehe.

"Alikuuliza hali yangu?"

"Aliniuliza utazikwa wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kwenu, ng'ambo ya ule mteremko. Kwamba tutakubeba kwa gari hii." Alikunja karatasi, akaifungua tena. "Akasema mazishi yako hatakuja, tusimtarajie. Halafu akarudi chini ya gari. Breki alikuwa ameshazimaliza, baba, nilimwona akizimaliza. Akazifungua zote, akaanza upya."